Ritha, Katibu na Mbio za Punda

Jumapili, 7 Juni

Daftari hili ni la Ritha, mjukuu wangu. Amenipa leo baada ya misa. Anasema yeye akishika kamera mikono yote imekwisha, kwa hiyo mimi niandike: punda wa nani, kapandwa na nani, ametoka wapi, ili watu wakija kutafuta picha zao asibabaike. Nimemwambia mimi Genoveva nimeishia darasa la nne, lakini darasa la nne la wakati ule, ukikosea mwandiko unachapwa. Nitaandika punda wake. Nafasi ikibaki nitaandika na mengine, maana karatasi haitupwi.

Mbio zimeanza leo Sigino. Watu wazima wametoka kanisani wakaenda kukalia punda juu ya gunia lililokunjwa, wakawapiga mateke tumboni, wakashangiliwa. Kuna kamati, kuna kipaza sauti, kuna turubai. Mwenyekiti wa kamati ni Herieli, yule mwenye mashine ya kusaga hapa kwetu Bagara. Mbuzi wake walikula mbaazi zangu mwaka juzi na hakuja hata kuniambia pole. Tunasalimiana kwa sababu ya kanisa tu.

Nilidhani Ritha atasimama kama mpiga picha wa harusi. Badala yake akalala kifudifudi kwenye vumbi, na sketi ya misa. Msichana mzima, kifudifudi, mbele ya wazee wa parokia. Nikaenda kumwinua. Nilikuwa bado namwambia ainuke ndipo punda wakapita.

Jioni akanionyesha picha ya mshindi. Punda haonekani. Anaonekana mgongo wangu na kanga yangu ya kijani.

Jumatatu, 8 Juni

Tumeanza kuvuna mahindi shamba la chini. Baridi. Mlima Kwaraa umejifunika wingu mpaka saa nne.

Jumatano, 10 Juni

Damasi kapiga simu kutoka Arusha. Ni mwanangu wa kwanza, baba yake Ritha, lakini Ritha nimemlea mimi tangu anatambaa. Anasema amempatia mtoto nafasi kwenye duka la simu, la rafiki yake, wanamsubiri. Nikamwambia mtoto ana kazi, anapiga picha. Damasi akacheka. Akasema, “Mama, kupiga picha punda si kazi.”

Na kweli mimi mwenyewe nimemwambia Ritha hivyo hivyo zaidi ya mara moja, lakini kuambiwa na mtu wa Arusha kuliniuma. Tukavutana. Mwisho tukakubaliana: Ritha akae mpaka mbaazi zivunwe. Kamati ya mbio inatafuta mpiga picha wake, wa kuwa naye kila msimu, na picha yake moja itatengenezwa bango kubwa la kuwekwa stendi. Ritha akipata hiyo kazi, anabaki kwangu. Asipopata, anapanda basi.

Nimetoa neno langu. Neno langu huwa silirudishi, ndiyo shida yangu.

Jumamosi, 13 Juni

Katibu amebeba mahindi kutwa. Katibu ni punda wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu hana haraka na hakuna anayeweza kumharakisha. Ukimwekea gunia mgongoni anakwenda mashineni mwenyewe, anasimama pale pale mpaka atuliwe, hata kama ni jioni. Ukimsukuma hasogei. Watu wananiambia nimwingize kwenye mbio. Nimewaambia punda wangu ana kazi ya kufanya.

Jumapili, 21 Juni

Mbio za Mutuka. Upepo na vumbi, nikajifunga mtandio hadi puani.

Leo nimemwona mshindani wa Ritha. Anaitwa Brayson, ana studio yake mjini, ana miwani ya jua na lenzi ndefu kama bomba la maji. Suruali imechanika magotini kwa makusudi. Amepanda juu ya gari anapiga picha kama mtu anayewinda. Akashuka, akaniamkia kwa heshima, shikamoo bibi. Nikaitikia, kisha nikamwuliza kwa nini mama yake hamshonei magoti. Akacheka. Sipendi mtu ninayemkaripia acheke.

Aliyeshinda ni mwanamke. Nailejileji, Mmaasai anayeuza maziwa hapo Mutuka. Wanaume walianza kunung’unika kwamba mwanamke hapandi punda, akawajibu kwa kipaza sauti cha Herieli mwenyewe kwamba kwao punda ni mali ya wanawake, wanaume wana ng’ombe wao, kwa hiyo wao ndio wameingilia mambo yasiyowahusu. Nikapiga vigelegele mimi mwenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho.

Wakati napiga vigelegele nilikuwa nimesogea barabarani kidogo. Ritha kapata picha ya Nailejileji akivuka mstari, na mkono wangu.

Ijumaa, 26 Juni

Leo lazima niandike vizuri.

Ritha amekuwa akijifunza kwa kumvizia Katibu njiani anaporudi kutoka mashineni bila mzigo, maana akirudi huwa anakumbuka majani na anakimbia kidogo. Nimekuwa nikimwambia anamaliza betri bure. Jioni hii akaniita jikoni, akanipa kamera niangalie kwenye kioo chake kidogo. Nikavaa miwani.

Katibu yuko hewani. Miguu yote minne haigusi chini. Kivuli chake kiko pale chini peke yake, na yeye yuko juu yake, masikio nyuma, mdomo wazi, kama mtu aliyesikia habari njema.

Nikamwuliza Ritha amefanya ujanja gani. Akasema hakuna ujanja, Bibi, punda akikimbia kuna wakati mdogo sana anakuwa hivyo, jicho haliwahi. Miaka yote hii nimemfuata nyuma huyu mnyama na fimbo, nimemtibu kidonda, nimemtukana, na sikujua kwamba kuna wakati hayuko chini.

Nimemwambia picha si mbaya. Kisha nikamwambia chumvi imezidi kwenye mboga, asije akavimba kichwa.

Jumanne, 30 Juni

Kupukuchua mahindi. Mikono imechubuka.

Jumapili, 5 Julai

Sigino tena. Nimeharibu.

Kulikuwa na kijana anampiga punda wake kwa rungu kichwani kabla hata ya kuanza. Nilimwambia mara moja. Mara ya pili sikumwambia, nikaingia barabarani nikamnyang’anya rungu. Sasa punda wengine walikuwa wameshaachiwa, wakaja, wakaniona nimesimama katikati na rungu, wakageuka wote wakaingia kwenye shamba la alizeti la watu. Herieli akatangaza kwa kipaza sauti, “Mama Damasi, tunakuomba utoke barabarani.” Uwanja mzima ukacheka.

Ritha alitembea mbele yangu njia nzima. Ningependelea anijibu vibaya, ningejua la kumwambia.

Lakini rungu ninalo. Nakorogea chakula cha nguruwe.

Jumamosi, 11 Julai

Hakuna kitu. Upepo tu.

Jumapili, 19 Julai

Mbio tena, na leo nilijizuia. Nilikaa chini ya turubai kama mgonjwa, daftari mapajani, nikaandika majina. Ritha akapiga picha kwa amani, na jioni alikuwa anaimba wakati anafuta vumbi kwenye lenzi.

Alhamisi, 23 Julai

Nyumba imejaa watu. Wamekuja kutafuta picha zao, hata wa Sigino, kwa miguu. Mzee mmoja amekaa na picha ya punda wake mkononi karibu saa nzima, anaigeuza, anairudisha. Akasema ana picha moja tu ya harusi yake, na pale hakutoka vizuri kama punda. Mkewe alikuwepo. Akasema ni kweli, na punda pia amependeza kuliko yeye. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Nimegundua kitu. Watu wakiingia hawaniulizi mimi. Wanauliza, mpiga picha yupo?

Alhamisi, 6 Agosti

Nailejileji kaja na lita ya maziwa, nikajua ana shida. Punda wake ana mimba, tumbo limeshuka, hawezi kumpanda tena. Fainali ni mwisho wa mwezi huu, hapa Bagara. Anamtaka Katibu. Ananiita koko, ndivyo wanavyomwita bibi kwao.

Nikakataa. Nikamweleza kwamba Katibu ni mnyama wa kazi na si wa kuchezewa. Akaendelea kunywa chai yangu. Kisha akasema Ritha alimwonyesha ile picha, na kwamba punda anayeruka hivyo akibeba gunia maisha yake yote bila kushindana ni dhambi, niende nikaungame.

Nimekubali. Nimempa masharti: hakuna fimbo, na akishinda aseme ni wa Mama Damasi.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimekosa raha leo, naandika ili nipumue.

Kamati imekaa. Wameamua kwamba siku ya fainali pale kwenye mstari wa kumalizia ataingia mpiga picha mmoja tu, Brayson. Kijana wa kamati alipokuja kutuambia alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikamwuliza sababu, akasema wazee wameogopa fujo. Fujo ya nani? Akaangalia viatu tena. Ritha akamjibia: “Ni Bibi.”

Hakulisema kwa hasira, ndiyo maana limenikaa hapa kifuani. Akaingia ndani akaanza kufuta kamera ambayo ilikuwa safi.

Picha ya bango itatoka wapi kama si kwenye mstari wa kumalizia? Kila mtu anajua. Mshindi, kamba, mikono juu. Basi Brayson ana bango, Ritha ana basi la Arusha, na mimi nina nyumba yenye mlango unaopiga kelele na hakuna wa kumkaripia.

Nikajitanda, nikaenda kwa Herieli. Sijaingia uani kwake tangu mambo ya mbuzi. Mkewe akanipa kiti na uji. Nikamwambia Herieli kilichonipeleka, bila kuzunguka. Nikasema, “Nifungie mimi nyumbani. Mwachie mtoto nafasi yake.”

Nadhani hajawahi kunisikia nikiomba. Akasema angependa, lakini kamati imeshaamua na yeye ni mwenyekiti tu, akibadilisha peke yake wataona ni jirani anapendelea jirani. Ila njia nyingine yote ni huru, Ritha asimame anapotaka. Akasema, “Hata kibaraza cha mashine yangu kipo, kina kivuli, na pale barabara imenyooka, na wewe Mama Damasi ukae naye, usimwache peke yake na vumbi.” Kisha, nikiwa getini, akasema na zile mbaazi za mwaka juzi zinamsumbua rohoni.

Nikamwambia zilikuwa mbaazi nzuri sana. Nikaondoka kabla hajaona uso wangu.

Jumatatu, 17 Agosti

Mbaazi zimeanza kukauka. Mwaka huu zimezaa kupita kiasi. Siwezi kuzifurahia.

Ijumaa, 28 Agosti

Katibu ameogeshwa. Hajapenda.

Jumapili, 30 Agosti

Nimekunywa chai ya tangawizi, nimekaa, sasa naweza kuandika.

Bagara nzima ilikuwa barabarani. Wameanzia kule mashambani, wanakuja na barabara ya sokoni, wanapita mashine ya Herieli, wanamalizia mbele kidogo pale penye mti wa mjohoro, ndipo walipoweka kamba, kamati, kipaza sauti na Brayson. Mimi na Ritha tulikuwa kibarazani kwa mashine. Ilikuwa Jumapili, mashine imezimwa, mlango umefungwa. Ritha alisema hapa watakuwa wanapita kwa kasi kuliko popote, atapata hata mmoja hewani. Nikamwambia nimekaa juu ya ndoo na sitainuka hata nyumba ikiungua. Nilimaanisha.

Wakaja. Kwanza vumbi, kisha kelele. Katibu mbele. Katibu wangu mimi, mbele, masikio nyuma, na Nailejileji juu yake na shanga zinamrukaruka shingoni, hana fimbo, anamwimbia. Nyuma yake punda wote wa Bagara na Sigino kundi moja. Nikang’ang’ania ndoo kwa mikono miwili.

Walipofika mbele ya mashine, Katibu akasimama.

Hakujikwaa. Alisimama kama anavyosimama siku zote, ubavu kwenye kibaraza, kichwa chini. Aliyemfuata naye akasimama. Na mwingine. Wote. Kila punda, hata wa Sigino maana nao husaga hapa, amekuja akapanga foleni yake, kimyakimya, kila mmoja nyuma ya mwenzake, kwa adabu kuliko watu kwenye dirisha la dawa. Punda hajui Jumapili. Ana gunia mgongoni, yuko mashineni, anasubiri atuliwe. Na hakuna hata mmoja kati yetu, si kamati nzima, si Herieli ambaye mashine ni yake, si mimi ninayekuja na Katibu kila wiki, aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

Juu yao sasa. Wanaume wanapiga mateke, wanasukuma kwa viuno kama mtu anayesukuma kabati. Mmoja anambembeleza punda sikioni. Mwingine ameshuka anavuta mkia. Kule mbele tukasikia kipaza sauti kinauliza, jamani, mbona hawafiki.

Na mimi. Nimejaribu kukumbuka nilifikiria nini na naona sikufikiria kitu. Nilimwona Katibu amesimama, basi nikainuka kwenye ndoo kama ninavyoinuka siku zote, nikaenda, nikamshika Nailejileji kiunoni, nikamtua, nikamwegemeza ukutani karibu na mlango. Nikawa nageuka kutafuta debe.

Nailejileji akasema, “Koko, mimi si mahindi.”

Nyuma yangu nikasikia kamera inalia ta ta ta ta. Ritha alikuwa amelala kifudifudi kwenye pumba, analia kwa kicheko, na mikono yake haitikisiki hata kidogo.

Ndipo akatokea wa mwisho. Parsimei, mzee wa Simanjiro, amekuja na punda wake juzi tu, na huyo punda hajawahi kuiona mashine ya Herieli maishani mwake. Alikuwa anatembea. Hakuwa anakimbia, anatembea, anatafuna kitu. Akaipita foleni yote, Parsimei akatusalimia mmoja mmoja kwa kuinua fimbo, akaenda akakata kamba. Brayson akampiga picha. Punda mmoja, anatembea, na nyuma yake watu wote wamempa mgongo wanatuangalia sisi.

Hakuna aliyekasirika. Hata aliyeweka kuku wake dau alikuwa amekaa chini anashika mbavu. Herieli alikuja mbio na bendera yake mkononi, akaiona foleni, akasimama. Kisha akatoa ufunguo mfukoni akafungua mlango wa mashine, maana, alisema, hawa wateja hawataondoka hivi hivi. Akawapa pumba kila mmoja. Ndipo wakaondoka.

Kicheko kilipoisha ndipo nikakumbuka. Nimeingia kwenye picha tena.

Jumatatu, 31 Agosti

Sijalala vizuri. Ritha hajanionyesha picha. Anasema bado anachagua. Sijauliza mara mbili.

Jumatano, 2 Septemba

Brayson kaja nyumbani, bila miwani. Ana macho ya kawaida tu, ya mtoto wa mtu. Alikuwa ametumwa na kamati, na amebeba bahasha kubwa. Akasema walikaa jana, wakaweka picha zake na za Ritha mezani, na yeye mwenyewe akaomba zake ziondolewe kwa sababu wanapoteza muda. Amemchapishia Ritha ile waliyoichagua, studio kwake, kwa karatasi nzuri. Na kwamba msimu ujao kazi ya kamati ni ya Ritha, Sigino, Mutuka, Bagara na watakakoalikwa.

Nikaifungua mimi.

Foleni yote imo, mpaka wa mwisho anayevutwa mkia. Wanaume wana midomo wazi. Katibu anatazama ardhi kama mlinzi wa benki. Na katikati niko mimi, nimemnyanyua Nailejileji, miguu yake yote miwili haigusi chini, shanga ziko hewani. Uso wangu umekunjamana kwa kazi. Mtandio umeenda upande.

Nikamwuliza Ritha kwa nini hakunisubiri nikarekebisha mtandio.

Akasema, “Bibi, msimu mzima nimekuwa nakutoa kwenye picha. Kumbe ulikuwa umesimama mahali pasipofaa tu.”

Brayson nimempa ugali na maziwa mgando. Magoti yake nimemshonea. Alikataa, lakini suruali ilikuwa inakauka kambani baada ya kumwagikiwa chai, na mimi nilikuwa na sindano.

Jumamosi, 12 Septemba

Bango limewekwa stendi. Mimi ni mkubwa kuliko basi dogo. Nilipita mara mbili nikijifanya nanunua vitunguu. Mara ya pili muuza vitunguu akasema, Bibi, mbona vya kwanza bado umevishika.

Jumanne, 22 Septemba

Mbaazi zimeisha kuvunwa. Magunia yamejaa hadi mlangoni.

Damasi alipiga jioni, kama nilivyojua. Nafasi ya duka bado ipo. Nikamwambia ampe mtoto wa mtu mwingine. Akasema, kwa hiyo Mama, punda ndiyo kazi? Nikamwambia akija Krismasi ashukie stendi kama kawaida, ainue kichwa, kisha aje aniulize tena swali hilo nikiwa nimekaa. Akacheka, na safari hii nikacheka naye.

Ijumaa, 25 Septemba

Ritha amenunua daftari lake jipya. Hili ameniachia.

Leo nimepeleka mahindi mashineni. Katibu akatangulia, akasimama pake. Kabla sijafika, Herieli mwenyewe alitoka, amejaa unga hadi kope, akamtua gunia. Halafu akapangusa mikono, akatoa simu, akaniambia nisimame hapo hapo karibu na Katibu anipige picha, niweke tu mkono mgongoni.

Nikamwambia arudishe simu yake mfukoni. Mpiga picha wangu ninaye. Kesho ana harusi Mutuka, keshokutwa ana kipaimara, kwa hiyo Herieli apange foleni nyuma ya Katibu.